Maswali ya Wasomaji: Sabato Inaingia Saa Ngapi Tanga?

Barua za toleo hili tumezikusanya kwa mada moja: hesabu ya wakati katika sheria ya Kiyahudi. Saa zote humu ni za kwetu, mchana ukianzia saa 12 asubuhi. Dakika za Tanga ni za makadirio. Zinaweza kupishana na jedwali kwa dakika moja au mbili.

Shikamoo mhariri. Niko mapokezi kwenye gesti moja Raskazone. Tunamtarajia mgeni Myahudi atakayelala Ijumaa na Jumamosi. Kauliza jua la Tanga linazama saa ngapi, akasema huwa anawasha mishumaa dakika 18 kabla. Kwa nini 18? Jumamosi anafungua saa ngapi? Na kuna la kumwandalia? (Msomaji, Raskazone)

Marahaba. Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama, kama sisi tunapotaja usiku wa Ijumaa tukiwa na maana ya Alhamisi usiku. Sabato basi inaingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi usiku, saa 25 hivi kwa jumla, kwa kuwa inaongezwa kidogo mwanzoni na kidogo mwishoni.

Dakika 18 ni desturi iliyoenea, si agizo la Torati. Sheria inataka kazi ikome kabla ya machweo, na desturi ikaweka nafasi ya tahadhari. Jerusalem wao huwasha dakika 40 kabla. Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua machweo ya Ijumaa hiyo, toa 18. Hapa Tanga jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:48 jioni mwaka mzima. Mwanzoni mwa Novemba ni saa 12:16 hivi, mishumaa ni saa 11:58. Mwanzoni mwa Februari ni saa 12:47, mishumaa saa 12:29. Akichelewa, hakuna kufidia. Jua likishazama mishumaa haiwashwi tena.

Angalieni hapa. Mgeni akisema kwa Kiingereza mishumaa ni sita na dakika mbili, mhudumu asije akaandika saa 6:02 kwenye daftari la zamu. Ni saa 12:02. Mkate na maji ya moto vikipelekwa kwa saa isiyo yake, Sabato imeshaingia.

Jumamosi anasubiri nyota tatu. Talmudi, mkusanyo wao mkuu wa mijadala ya sheria, imepanga hivi: nyota moja bado ni mchana, mbili ni wakati wa shaka, tatu ni usiku. Nyota zinazokusudiwa ni za wastani; zile kubwa zinazoonekana kungali kweupe hazihesabiwi, kwa hiyo Zuhura na Mshtarii zisimdanganye mtu. Na kwa kutoka Sabato, wengi husubiri tatu ndogo zilizo karibu karibu. Wanaotumia hesabu huchukua wakati jua lilipo nyuzi 8.5 chini ya upeo wa macho. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, giza huingia upesi, na kiasi hicho hutimia dakika 31 hadi 34 baada ya machweo, yaani kati ya Magharibi na Isha. Wapo wanaofuata rai ya Rabenu Tam, mwanachuoni wa Ufaransa wa karne ya 12, wakasubiri dakika 72. Muulizeni mapema anafuata ipi, msije mkampelekea chai aliyoomba ichemshwe huku yeye bado yumo ndani ya Sabato.

Maandalizi: kuwasha na kuzima moto au umeme ni kazi asiyoifanya Sabato, kwa hiyo mpeni chumba chenye ufunguo wa chuma, si kadi. Kama korido ina taa zinazojiwasha mtu akipita, mwekeni pasipo na taa hizo, au zizimeni mpaka Jumamosi usiku. Chumba cha chini kinamwondolea habari ya lifti. Maji ya moto yawe tayari kwenye chupa za chai kabla ya mishumaa. Kubwa kuliko yote, mwelezeni mfanya usafi: taa ya bafuni aliyoiacha ikiwaka isizimwe Jumamosi asubuhi. Mhudumu mwenye nidhamu ya umeme huingia, akatandika, akazima kila kitu na kufunga mlango. Mgeni akirudi hawezi kuiwasha, na kwa sheria yake hawezi hata kukuagiza waziwazi umwashie. Atakaa gizani mpaka nyota zitoke. Kipande cha karatasi kwenye swichi, “Usiguse,” kinatosha.

Mhariri, salamu. Nafundisha historia Bagamoyo. Nimesoma kuwa Mayahudi wanaruhusiwa kusoma Shema ya asubuhi, yaani ungamo lao la imani, mpaka mwisho wa saa ya tatu. Ndiyo saa tatu hii yetu? (Mwalimu, Bagamoyo)

Kwa mpangilio ndiyo, kwa urefu sivyo. Wao pia huhesabu saa za mchana tangu kunapokucha, adhuhuri ikiwa saa sita. Msomaji wa Agano Jipya la Kiswahili anazijua saa tatu, saa sita na saa tisa za namna hiyo. Ila saa ya kisheria haina dakika 60 za kudumu. Unachukua mchana wa siku hiyo, mahali hapo, unaugawa kwa 12. Jerusalem mchana wa Juni hufika saa 14 na dakika 14 hivi, kwa hiyo saa moja ya kisheria ina dakika 71. Desemba mchana ni saa 10 na dakika 4, saa inashuka hadi dakika 50. Pwani yetu mabadiliko ni madogo mno: Tanga mchana mfupi kabisa ni saa 11 na dakika 50, mrefu kabisa saa 12 na dakika 25, na saa ya kisheria haitoki nje ya dakika 59 na 62. Mtu wa Tanga akitumia saa ya ukutani badala ya mgawanyo huu atakosea kidogo tu. Kinachomwangusha ni mahali pa kuanzia.

Tufanye hesabu ya tarehe 21 Juni, Tanga. Jua linachomoza saa 12:30 asubuhi, linazama saa 12:20 jioni. Katikati kuna dakika 710. Gawa kwa 12, unapata 59 na ziada ndogo. Mwisho wa saa ya tatu ni 12:30 jumlisha dakika 177, yaani saa 3:27. Hapo ndipo mwisho wa Shema. Sala ya asubuhi inaendelea hadi mwisho wa saa ya nne, saa 4:26. Adhuhuri ni saa 6:25, si saa 6 kamili, kwa kuwa majira ya Tanzania yamefungwa kwenye longitudo 45 na Tanga ipo kama nyuzi 39, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Sala ya alasiri haianzi adhuhuri ileile. Husubiri nusu saa ya kisheria, saa 6:55. Wakati wake ulio bora huanza saa ya tisa na nusu, ambao hapa ni saa 9:52. Kisha kuna alama ya saa 10 na robo tatu, kwetu saa 11:06 jioni. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuiingiza Sabato mapema, hata akiwa na haraka ya chakula cha jioni.

Hesabu hii ni ya Gaoni wa Vilna, mwanachuoni wa Lithuania wa karne ya 18, anayepima kuanzia mawio hadi machweo. Mwenye kitabu kiitwacho Magen Avraham anaanzia alfajiri, dakika 72 kabla ya mawio, na kumalizia dakika 72 baada ya machweo. Kwa siku hiyohiyo mchana wake unakuwa na dakika 854, saa moja ni dakika 71, na mwisho wa Shema unakuja saa 2:51. Tofauti ni dakika 36, na ukizifanyia kazi namba utaona ni 36 siku yoyote ya mwaka. Kalenda nyingi za sinagogi huchapa safu zote mbili. Mwenye hadhari hufuata iliyotangulia.

Ukihamishia hesabu hii Bagamoyo, machweo yatapishana na ya Tanga kwa dakika 2 au 3 mwezi Juni na Desemba, na karibu hakuna tofauti mwezi Machi na Septemba. Usitumie jedwali la mji mwingine kwa kukata dakika za mwisho. Na ukikadiria, daima kata upande wa hadhari: mwisho wa Shema upunguze, mwanzo wa alasiri uongeze.

Mwalimu ametuambia Mayahudi waliigawa saa mara 1080. Kwa nini si 60? (Mwanafunzi, Ngamiani)

Kwa sababu 1080 inagawanyika bila mabaki kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9 na 10. Maimonidesi, mwanachuoni wao wa karne ya 12, ameitaja sababu hiyo hiyo. Sehemu moja huitwa heleki, nayo ni sekunde 3 na theluthi, kwa hiyo dakika moja ina heleki 18. Ni kipimo cha kalenda, hakitumiki kuchemshia mayai. Utamu wake uko kwenye jibu linalofuata.

Mhariri, mimi ni mtu mzima wa Pangani, mwezi nimeuangalia tangu utoto. Mayahudi nao wanafuata mwezi. Basi mbona Pasaka yao haizunguki mwaka kama Ramadhani yetu? Na wao wanagombana juu ya mwandamo? (Msomaji, Pangani)

Shikamoo mzee wetu. Tuanze na ugomvi, maana walikuwa nao, na umeandikwa ndani ya Mishna yenyewe, mkusanyo wao wa kale wa sheria.

Zamani mwezi uliingia kwa ushahidi mbele ya baraza Jerusalem. Mashahidi walikusanyika kwenye ua mkubwa na kuandaliwa karamu nzuri, makusudi wazoee kuja. Waliingizwa kwa zamu, jozi iliyotangulia kufika ndiyo ilianza, akahojiwa mkubwa wao peke yake kisha mwenzake. Mwezi uliuona mbele ya jua au nyuma yake? Kaskazini au kusini? Ulikuwa juu kiasi gani, na uliinama upande gani? Aliyejibu kwamba ulikuwa mbele ya jua ushahidi wake ulitupwa, kwa kuwa mwezi mchanga haukai hivyo. Rabani Gamlieli, mkuu wa baraza, alikuwa na michoro ya maumbo ya mwezi ubaoni na ukutani kwenye chumba chake cha juu. Shahidi asiye na maneno alionyeshwa: ulikuwa hivi, au hivi?

Habari zilipelekwa kwa moto. Walifunga pamoja fito ndefu za mierezi, matete, kuni za mafuta na nyuzi za kitani, wakapanda nazo mlimani na kuzipunga huku na huko mpaka mlima wa pili ujibu. Moto uliwashwa tu kama mwezi uliopita ulikuwa wa siku 29; giza maana yake ni 30. Wasamaria wakaja kuwasha mioto ya uongo, ikabidi kutuma wajumbe kwa miguu. Mjumbe hafiki kila mahali kwa wakati, ndiyo maana jamii za mbali zikashika sikukuu za Torati kwa siku mbili, isipokuwa Siku ya Upatanisho ambayo ni ya kufunga, na mpaka leo Myahudi mshika sheria anayeishi nje ya Israeli hufanya hivyo. Ipo moja tu ambayo hata ndani ya Israeli ni siku mbili, Mwaka Mpya, kwa kuwa unaangukia tarehe mosi yenyewe.

Ama ugomvi: Rabani Gamlieli alipokubali ushahidi ambao Rabi Yoshua aliuona wa uongo, alimwamuru Rabi Yoshua afike kwake na fimbo na pesa mkononi siku ambayo, kwa hesabu ya Rabi Yoshua, ni Siku ya Upatanisho, ambayo kuvibeba ni marufuku. Alikwenda. Gamlieli akasimama, akambusu kichwani.

Sasa Pasaka. Torati imeifunga kwenye majira ya masika ya nchi ile, wakati shayiri inakomaa. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu kama siku 11 kwa mwaka wa jua. Ramadhani inaachwa itembee. Pasaka inarudishwa kwa kuongeza mwezi wa 13, Adari ya pili, mara 7 katika kila miaka 19. Ukitaka kujua mwaka gani, gawa mwaka wa Kiyahudi kwa 19. Ikibaki 3, 6, 8, 11, 14, 17 au isibaki kitu, una miezi 13. Mwaka 5787, unaoanza Septemba 2026, unaacha baki ya 11. Kwa hiyo una Adari mbili.

Tangu kalenda ilipofungwa, mashahidi hawahitajiki. Mapokeo yanamtaja Hileli wa Pili, karne ya 4, ingawa kanuni zote zilitulia baadaye sana. Msingi ni mwezi wa wastani: siku 29, saa 12 na heleki 793. Unajumlisha kiasi hicho mwezi hadi mwezi tangu mwanzo wa hesabu, unapata saa ya kila mwezi mpya, nayo hutangazwa sinagogi Sabato kabla ya mwezi kuingia. Hapa watazamaji wa mwezi wa Pangani watapotea wasipoambiwa: saa hiyo ni ya Jerusalem, si ya hapa, na si saa ya mwezi kuonekana. Ni wakati wa wastani wa mwezi kukutana na jua, ambapo hakuna jicho linaloweza kuuona. Ukitoka na kuangalia magharibi jioni hiyo, usishangae kukuta mbingu tupu.

Juu ya hesabu hiyo kuna vizuizi. Mwaka Mpya hauruhusiwi kuanza Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Ukianza Jumatano, Siku ya Upatanisho, iliyo siku ya 10, inaangukia Ijumaa; ukianza Ijumaa, inaangukia Jumapili. Kote huko siku ya kufunga inagandana na Sabato, na kwa siku mbili mfululizo hapapikwi wala maiti hazikwi. Ukianza Jumapili, siku ya kupiga matawi ya mierebi mwishoni mwa Sikukuu ya Vibanda inaangukia Sabato. Tena saa ya mwezi mpya ikiwa adhuhuri au baadaye, Mwaka Mpya unasogezwa siku moja. Ndiyo sababu mwaka wao una siku 353, 354 au 355, na wenye miezi 13 una 383, 384 au 385.

Na bado waligombana. Mwaka 921 na 922, Ben Meiri wa Palestina alidai mpaka ule wa adhuhuri uongezwe heleki 642, kama dakika 36. Saadia, mwanachuoni aliyekuwa upande wa Babeli, akampinga. Kwa dakika 36 hizo Pasaka ya 922 ilishikwa Jumapili kwa watu wa Ben Meiri na Jumanne kwa watu wa Babeli. Rai ya Babeli ndiyo iliyobaki.

Kalenda hii nayo inateleza, mzee. Mwaka wake wa wastani umeuzidi mwaka wa jua kwa dakika 6 na sekunde kadhaa, siku moja kila miaka 216 hivi, na Pasaka inasogea mbele taratibu. Nairuzi yetu ya siku 365 bila nyongeza huteleza siku moja kila miaka 4, upande wa pili.

Mhariri, mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, Bagamoyo. Mume wa mama mmoja mgeni, Myahudi, alitaka dakika aliyozaliwa mtoto, hakuridhika na tarehe. Ina kazi gani? (Muuguzi, Bagamoyo)

Tohara ya mtoto wa kiume ni siku ya 8, siku ya kuzaliwa ikihesabiwa. Tuseme ni Ijumaa, machweo saa 12:30 na nyota saa 1:03. Aliyezaliwa saa 12:10 ni wa Ijumaa, anatahiriwa Ijumaa ijayo. Wa saa 1:20 ni wa Jumamosi, na tohara iliyo kwenye siku yake ya 8 kwa yakini hufanywa hata Sabato. Taabu ni aliyezaliwa saa 12:45. Ijumaa ijayo haiwezekani, huenda ni siku ya 7, Sabato haivunjwi kwa jambo la shaka, anasubiri Jumapili. Mishna imeorodhesha hali za kuanzia siku ya 8 hadi ya 12. Ya 12 ilitokea kama Jumapili na Jumatatu hiyo ni Mwaka Mpya, hali ambayo kalenda ya sasa imeifunga kwa kizuizi tulichomweleza mzee wa Pangani.

Kwa hiyo andika dakika kichwa kilipotoka, hata kama mwili umechukua muda. Kichwa ndicho kinachohesabiwa. Andika siku kwa maneno, “Ijumaa saa 12:45 jioni,” na machweo ya siku hiyo pembeni. Daftari linalobadilisha tarehe saa 6 usiku halimsaidii. Taja kama ni kwa upasuaji, maana aliyezaliwa hivyo siku ya Sabato hatahiriwi Sabato. Mtoto akiwa na manjano wanangoja ipone. Kwa ugonjwa wa mwili mzima kama homa, zinahesabiwa siku 7 kamili za saa 24 tangu apone, kwa hiyo saa ya kupona nayo iandikwe kwenye faili.

Sisi mabaharia wa Tanga tukipotewa na siku, tunauliza bandari inayofuata. Myahudi aliyepotea peke yake asijue Sabato ni lini afanyeje? (Baharia, Tanga)

Swali limo kwenye Talmudi, ila pale ni jangwani. Mwanachuoni Rav Huna alisema ahesabu siku 6 kisha ashike moja. Mwenzake akasema ashike moja kwanza, ndipo ahesabu 6. Sheria imekwenda na Rav Huna. Katika siku zote, hata ile aliyoiita Sabato, anafanya kazi ya kumpatia riziki ya siku hiyo tu, kwa kuwa kila siku huenda ndiyo yenyewe. Kutembea anaruhusiwa kila siku ili atoke huko. Tofauti kati ya siku ya 7 na zilizobaki anaiweka kwa sala: kikombe cha kuingiza Sabato, na kikombe cha kuitoa.

Kama anakumbuka ni siku ngapi tangu aondoke, amepata nafuu. Siku ya 8, ya 15 na ya 22 tangu aondoke, siku ya kuondoka ikihesabiwa, anafanya kazi bila kizuizi, kwa sababu aliondoka siku ya kazi. Mshika sheria haanzi safari ya namna hiyo siku ya Sabato.

Kuna mkasa wa kweli unaofanana. Mwaka 1941 wakimbizi Wayahudi kutoka Ulaya walikuwa Kobe, Japani. Wanachuoni hawakukubaliana mstari wa kubadilisha siku upite wapi kisheria, na Siku ya Upatanisho ilikuwa inakaribia. Marabi waliokutana Jerusalem wakajibu wafunge Jumatano, siku ya wenyeji. Rabi Karelitz, maarufu kwa jina la Hazon Ish, akatuma telegramu: kuleni Jumatano, mfunge Alhamisi. Walikuwamo waliofunga siku zote mbili.